Msimbo wa Maumivu ya Wayo Unatosha Lini?

Katika ICD-10-CM, mfumo wa misimbo ya kuainisha magonjwa ambao Marekani inautumia tangu tarehe 1 Oktoba 2015, maumivu ya wayo yamepewa misimbo mitatu: M79.671 kwa wayo wa kulia, M79.672 kwa wa kushoto, na M79.673 pale ambapo upande haukutajwa. Sisi tunaofanya kazi ya kupanga misimbo ya magonjwa tunaifahamu kwa moyo, na pengine hilo ndilo tatizo lake, kwa sababu msimbo unaokujia haraka kichwani huandikwa haraka pia. Unaeleza mgonjwa anaumwa wapi, wala hauelezi anaumwa nini. Kwa kuwa umewekwa katika sura ya magonjwa ya misuli na mifupa badala ya sura ya dalili, ni rahisi kuudhania kuwa ni jina la ugonjwa.

Kanuni ni kwamba dalili huandikwa maadamu daktari hajathibitisha chanzo chake. Akishathibitisha, msimbo wa chanzo huchukua nafasi, na maumivu ambayo kwa kawaida huandamana na ugonjwa huo hayaandikwi tena pembeni yake. Kwa hiyo daktari akiandika kwamba utando mnene wa chini ya wayo umevimba, ninaandika M72.2 peke yake, msimbo ambao, tofauti na jirani zake wengi, hauna kulia wala kushoto. Mwiba wa mfupa wa kisigino una pande zake, M77.31 na M77.32. Jongo lisilojulikana chanzo katika wayo wa kulia ni M10.071, na neva ya wayo huo iliyodhurika, ikiwemo neuroma ya Morton (neva iliyonenepa karibu na vidole), ni G57.61.

Ugumu huanza daktari anapoandika “huenda” au “inashukiwa”. Kwa mgonjwa wa nje, yaani asiyelazwa, maneno hayo hayaniruhusu kuandika ugonjwa unaoshukiwa, hata kama maelezo yote yanauelekea. Nabaki na M79.671 mpaka uthibitisho upatikane. Kwa mgonjwa aliyelazwa hospitalini kanuni hugeuka, kwani shaka ikiwa bado imeandikwa wakati wa kuruhusiwa, ugonjwa huandikwa kana kwamba upo. Tofauti hii huwachanganya hata wazoefu.

Mahali penyewe pa maumivu pia panahitaji uangalifu. Maumivu ya vidole vya mguu wa kulia ni M79.674, ilhali yale ya kiungo, kuanzia kifundo hadi viungo vya ndani ya wayo wa kulia, ni M25.571. Nyayo zote mbili zikiuma, huandikwa M79.671 pamoja na M79.672, maana familia hiyo haina msimbo mmoja wa pande zote mbili.

Kisukari ndicho kinachonifanya nisome faili lote kabla ya kugusa M79. Maumivu ya wayo kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya 2 yanaweza kuwa yametokana na neva nyingi zilizoharibika, nayo ni E11.42. Akiwa na kidonda cha wayo, E11.621 hutangulia, kisha hufuata msimbo wa L97 unaoonyesha mahali na kina chake, L97.512, kwa mfano, ni kidonda cha wayo wa kulia, mahali pasipo kisigino wala sehemu ya kati, kilichofikia tabaka la mafuta. Mfumo huuchukulia uhusiano kati ya kisukari na kidonda hicho kuwa upo, isipokuwa daktari aseme wazi kwamba chanzo ni kingine.

Majeraha yana sura yake na herufi ya saba: A kwa matibabu yanayoendelea, D kwa kipindi cha kupona, S kwa madhara yaliyobaki. Wengi hudhani A ni ziara ya kwanza, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa mgonjwa anaweza kuonwa na daktari wa pili akiwa bado katika matibabu hayo hayo na A ikabaki. Msimbo ukiwa mfupi, X hujaza pengo: mchubuko wa ndani wa wayo wa kulia ni S90.31XA.

Upande, mahali au chanzo kisipoandikwa, ninamrudishia daktari swali, ila kwa namna isiyomwekea jibu mdomoni. Ninamuuliza ni wayo upi na amehitimisha nini juu ya maumivu hayo. Simuulizi kama hili si jongo.