Rangi za joto, rangi za baridi: tusidanganyane na baridi ya Mbeya

Dhana: Ukipaka rangi ya joto, chumba kitapata joto.
Krimu, njano, chungwa na rangi ya udongo hupasha macho tu. Kipimajoto hakitasogea. Baridi ya Juni na Julai inaingilia chini ya mlango na kwenye bati lisilo na dari. Kama hela inatosha kitu kimoja, piga dari kwanza, rangi itasubiri.

Dhana: Chumba kinachoangalia kaskazini ndicho cha baridi.
Ushauri huu umetoka Ulaya na Marekani, na kwao ni sahihi. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Mbeya ikiwa karibu nyuzi 9. Miezi ya baridi jua letu hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini, ambalo kwa wakazi wa mjini kati ni lile la upande wa Mlima Loleza, ndilo linaloingiza jua. La kusini halipati hata mwale mmoja. Chumba cha kusini ndicho kinachodai krimu au njano iliyopauka. Cha kaskazini kinaweza kubeba bluu au kijivu bila kununa. Inaniuma kuona mtu anamaliza ndoo nzima ya lita 20 kwa kufuata jua la wenzetu. Simama chumbani saa sita mchana, uone mwanga unaangukia wapi, ndipo uende soko la Mwanjelwa kununua.

Dhana: Rangi za baridi hukuza chumba.
Kinachokuza ni wepesi wa rangi. Bluu iliyokoza hubana chumba, krimu nyepesi hukifungua.

Dhana: Nyeupe ni nyeupe.
Hapana. Ipo inayovutia kwenye bluu na ipo inayovutia kwenye njano. Shika karatasi nyeupe kando ya ukuta utaiona tofauti. Kisha soma kwenye boksi la balbu namba yenye K, kipimo cha rangi ya mwanga. 6500K ni mwanga mweupe wa kibaridi, na chini yake krimu yako uliyoipenda mchana hupoa kabisa. 3000K ni mwanga wa manjano, nao huirudishia uhai. Chagua balbu na rangi kwa pamoja.

Mwambie fundi apake kipande cha kama mita moja, apake mara mbili, ukitazame asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Usiamue ikiwa mbichi. Rangi hubadilika ikikauka, na mwezi wa saba huku kwetu haikauki haraka.