Urais wa zamu: maana yake, na yaliyoupata Komoro

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa zamu. Wiki yake ikifika anapiga kengele, anawahesabu wachelewaji, anajaza kitabu cha taarifa, na Ijumaa jioni anamkabidhi mwenzake. Hakupewa kazi hiyo kwa sababu ni hodari kuliko walimu wengine. Ilikuwa wiki yake, basi. Manesi wana zamu, walinzi wana zamu, na nyumba yenye wake wawili ina zamu ambayo hakuna anayethubutu kuichezea. Neno tumelizoea mno hata hatulifikirii. Visiwa vya Komoro viliitia zamu ndani ya Katiba, ikawa ndiyo inayoamua rais atoke wapi.

Urais wa zamu ni utaratibu wa kiti cha urais kuzunguka kati ya sehemu za nchi kwa mpango unaojulikana mapema. Wananchi wanapiga kura kama kawaida, wagombea wanashindana kama kawaida, ila wote wanatoka sehemu moja, ile ambayo zamu yake imefika. Wakomoro wakizungumza Kifaransa huuita tournante.

Usiichanganye zamu na foleni. Kwenye foleni ukishahudumiwa umeondoka, huna cha kungoja tena. Zamu inarudi. Ndiyo maana mwenye kiti anaweza kukiachia bila kuona amezikwa: amempisha mwenzake, na siku moja atapishwa yeye. Baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 Burundi ilipata kitu kinachofanana na zamu, Pierre Buyoya miezi 18 ya kwanza ya kipindi cha mpito na Domitien Ndayizeye miezi 18 iliyofuata, lakini ule ulikuwa mgao wa mara moja, haukuwa mzunguko. Nigeria vyama vikubwa vimezoea kupokezana urais kati ya kaskazini na kusini, ila hayo ni mapatano ya wanasiasa, hayamo katika Katiba. Tanzania Katiba inataka mgombea urais na mgombea mwenza watoke pande mbili tofauti za Muungano, na inakomea hapo. Haisemi upande upi uanze wala lini wabadilishane. Komoro waliandika.

Waliandika kwa sababu walikuwa wamekaribia kuvunjika. Nchi hii yenye watu wasiofika milioni moja ilitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975 chini ya Ahmed Abdallah, na kabla ya kutimiza mwezi mmoja akapinduliwa. Ali Soilih aliyeshika nchi baadaye akaangushwa Mei 1978 na mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, na Abdallah akarudishwa kitini. Mwaka 1989 Abdallah akauawa ikulu. Mwaka 1995 Denard akaja tena, akamteka rais Said Mohamed Djohar, mpaka Ufaransa ikatuma wanajeshi kumwondoa Denard. Ukiyahesabu mapinduzi na majaribio ya mapinduzi kwa pamoja yanapita 20. Hapa mtu husema tatizo ni wanajeshi na mamluki, na ni kweli nusu. Nusu ya pili ni visiwa vyenyewe.

Kila kisiwa kilikuwa na masultani wake muda mrefu kabla ya Wafaransa. Ukoloni uliviweka katika kapu moja, uhuru ukalirithi kapu hilo likiwa limepungua, kwa sababu Maore, kisiwa cha nne, kilichagua kubaki na Ufaransa na kipo huko hadi leo. Vikabaki vitatu: Ngazija, Anzuani na Mwali. Makao makuu yako Moroni, Ngazija, na huko ndiko wizara zilikojazana na mishahara ilikotoka. Mtu wa Anzuani mwenye shida ya karatasi ilimbidi avuke bahari. Agosti 1997 Anzuani ikajitangazia kujitenga, na Mwali ikafuata. Jambo la kushangaza, mwanzoni viongozi wa Anzuani hawakudai nchi mpya. Waliomba warudishwe chini ya Ufaransa. Paris ikakataa. Hebu fikiria uchungu uliowafikisha watu, miaka 22 baada ya uhuru, kumbishia hodi mkoloni.

Mazungumzo yalifanyika Antananarivo, Aprili 1999. Wajumbe wa Anzuani hawakutia sahihi, na Moroni ikalipuka kwa ghasia dhidi ya watu wa kisiwa hicho. Tarehe 30 mwezi huohuo mkuu wa jeshi, Kanali Azali Assoumani, akachukua nchi. Ndiye aliyekuwa kitini pande zote zilipokutana Fomboni, mji mkuu wa Mwali, na kutia sahihi makubaliano ya Februari 2001. Desemba mwaka huohuo wananchi wakaipitisha Katiba mpya, na zamu ikawa sheria.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Rais anakaa miaka 4. Kisiwa chenye zamu kinafanya kura ya mchujo, na wapiga kura wake pekee ndio wanaoshiriki. Watatu wa juu wanaingia duru ya pili, na hapo visiwa vyote vitatu vinapiga kura. Mimi naona huu ndio ufundi mkubwa wa mpango mzima, kuliko hata zamu yenyewe. Mchujo unahakikisha kisiwa hakichaguliwi kibaraka na majirani. Duru ya pili inamlazimisha mgombea azungumze na watu wasio wa kwao. Asiyependwa nyumbani hapiti, na anayependwa nyumbani peke yake hapiti pia. Makamu wa rais walitoka visiwa vingine, ili wasio na zamu wasikae nje kabisa wakichungulia.

Kisha ikaja sehemu ya kuchekesha kidogo. Kila kisiwa kilipewa Katiba yake, bunge lake na rais wake. Kwa hiyo tangu 2002 nchi hii ndogo ilikuwa na marais wanne kwa wakati mmoja, mmoja wa Muungano wa Komoro na watatu wa visiwa. Moroni ilikuwa na wawili katika mji mmoja, Azali wa Muungano na Abdou Soulé Elbak wa Ngazija, wakivutana nani awaamuru askari na nani akusanye ushuru. Bajeti yenyewe nyembamba kama uzi.

Hata hivyo zamu ilizunguka. Azali alichaguliwa 2002 kwa zamu ya Ngazija. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Anzuani. Ahmed Abdallah Mohamed Sambi, aliyesoma dini Iran na watu wakamtania kwa jina la Ayatollah, alishinda, ingawa Azali alimpenda mgombea mwingine. Tarehe 26 Mei 2006 mwanajeshi aliyeingia kwa mapinduzi alimkabidhi nchi raia aliyeshinda kwa kura. Yalikuwa makabidhiano ya kwanza ya amani ya aina yake tangu uhuru, na mtu akikuambia urais wa zamu ni upuuzi mtupu, mkumbushe siku hiyo.

Zamu ya urais haikumaliza kila ugomvi. Rais wa kisiwa cha Anzuani, Mohamed Bacar, muda wake uliisha 2007, akajifanyia uchaguzi wake na kugoma kutoka. Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwamo wanajeshi wa Tanzania na Sudan, yakatua Anzuani pamoja na jeshi la Komoro. Mwenyekiti wa Umoja huo mwaka ule alikuwa Jakaya Kikwete. Bacar akakimbilia Maore kwa mashua. Tunalikumbuka sana tukio hili huku kwetu kama ushindi wa jeshi letu, na mara nyingi tunasahau kuuliza lilihusu nini: mtu mmoja aliyekataa kutoka muda wake ulipokwisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona ndilo lenye uzito. Zamu ina vitu viwili, mpangilio na muda. Nani anamfuata nani, na kila mmoja anakaa siku ngapi. Kwa hiyo zinakuwapo njia mbili za kuivunja. Moja ni kumruka mtu, na hiyo kila mmoja anaiona na kupiga kelele. Nyingine ni kuchelewa kuondoka. Kwa miaka yote hii sijasikia kiongozi wa Komoro akisema hadharani kisiwa fulani kirukwe. Wote wameuheshimu mpangilio. Wamecheza na muda.

Sambi alianza. Kura ya maoni ya Mei 2009 iliwashusha marais wa visiwa wakawa magavana, jambo lenye busara kwa mtazamo wangu, lakini ikaongeza pia muda wa rais kutoka miaka 4 hadi 5, na yeye aliyekuwa kitini akataka nyongeza imhusu. Waliokuwa wakingoja ni Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, ambacho hakikuwahi kutoa rais wa kuchaguliwa. Wamwali wakaandamana, Mahakama ya Katiba ikaipinga nyongeza hiyo, pakawa na mivutano na usuluhishi, na hatimaye uchaguzi ukafanyika Novemba na Desemba 2010. Ikililou Dhoinine, mfamasia wa Mwali aliyekuwa makamu wa Sambi, akashinda na kuapishwa 26 Mei 2011. Sambi alikuwa amekaa miaka 5 kamili. Mwaka mmoja tu, unaweza kusema, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba waliofuata waliona inawezekana.

Mwaka 2016 zamu ikarudi Ngazija. Sambi mwenyewe alijaribu kugombea, Mahakama ya Katiba ikamkatalia kwa kuwa ni mtu wa Anzuani. Akaamua kumuunga mkono mtangulizi wake, Azali, ambaye Katiba ilimruhusu kurudi kwa kuwa zamu ya kisiwa chake imerudi. Azali alishinda kwa tofauti ndogo sana, karibu asilimia 41 dhidi ya karibu 40 za Mohamed Ali Soilihi, baada ya kura kurudiwa katika baadhi ya vituo vya Anzuani. Kila mtu alikuwa na hesabu kichwani: Ngazija hadi 2021, kisha Anzuani.

Aprili 2018 Azali akaisimamisha Mahakama ya Katiba na kuyapeleka mamlaka yake Mahakama ya Juu. Mei, Sambi akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Tarehe 30 Julai kukafanyika kura ya maoni ambayo upinzani uliisusia, na matokeo rasmi yakasema zaidi ya asilimia 92 wamekubali. Nafasi za makamu wa rais zikafutwa. Na zamu? Haikufutwa. Imo katika Katiba mpaka leo. Kilichobadilika ni kwamba rais anaweza kukaa vipindi viwili mfululizo vya miaka 5 kabla kiti hakijahama kisiwa, na hesabu ikaanza upya. Oktoba, watu wenye silaha wakajifungia katika mji mkongwe wa Mutsamudu, Anzuani, wakapigana na jeshi kwa siku kadhaa. Machi 2019 Azali akachaguliwa tena. Ile 2021 ikapita hivihivi.

Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2022 katika kesi ya uuzaji wa uraia wa Komoro kwa watu wasio na utaifa wanaoishi nchi za Ghuba, mpango ulioanza akiwa rais. Wafuasi wake wanasema ni siasa, serikali inasema ni wizi wa mali ya umma. Mtu anaweza kuwa na kesi ya kujibu na papo hapo mahakama ikawa imepinda; hilo si lazima tuchague moja.

Uchaguzi wa Januari 2024 ulimpa Azali kipindi kingine. Tume ya uchaguzi ilitangaza kwanza kwamba waliojitokeza kupiga kura ya urais ni takriban asilimia 16. Mahakama ya Juu ilipotoa matokeo ya mwisho, idadi ilikuwa zaidi ya asilimia 50. Moroni ikawa na maandamano na amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka huohuo mwanawe, Nour El Fath Azali, akateuliwa katibu mkuu wa serikali, na minong'ono kuhusu nani atarithi ikahamia kutoka visiwani kwenda nyumba moja.

Wapo Wakomoro wanaosema bora zamu iondoke yote. Hoja zao si za kubeza. Zamu humfungia nje mgombea mzuri kwa kosa la kuzaliwa kisiwa kisicho na zamu, na rais anayejua hatarudi leo wala kesho hana sababu ya kumwogopa mpiga kura. Miaka 4 nayo ni michache kujenga bandari. Wanaoitetea hujibu kwa swali moja: kabla ya 2001, Mwali ilitoa rais lini?

Kwa Katiba ilivyo sasa, kipindi cha Azali kinaisha Mei 2029. Anzuani ilitoka kitini 26 Mei 2011. Mtoto aliyezaliwa Mutsamudu siku ile atatimiza miaka 18, umri wa kupiga kura, wiki ileile ambayo kiti kinatakiwa kuhama. Na uchaguzi ukifanyika Januari kama ule wa 2024, atakuwa amekosa kupiga kura kwa miezi minne.