Mwavuli wa Leso Moja

Juzi tena. Nambana mteja mikanda ya kuruka naye kwa parachuti, naye anageuka, anatazama begi langu mgongoni na kucheka: "Mwalimu, mbona umebeba godoro? Kwenye filamu na katuni ni kamfuko tu, mtu akivuta kamba anashuka taratibu." Nimechoka kulijibu hili kila siku, heri niliandike.

Dhana yenyewe: mwavuli wa kurukia ukishafunguka, ukubwa si hoja.

Ni hoja, tena kubwa. Mwavuli wa duara waliotumia wanajeshi wa Marekani kwa miaka mingi, T-10, ulikuwa na kipenyo cha mita 10.7, na bado ulimshusha askari na mzigo wake kwa mita 7 hivi kwa sekunde, kama kilomita 25 kwa saa. Hutua kwa kishindo, ndiyo maana hufunzwa kujibiringisha. Sasa kata kipenyo hicho nusu. Kitambaa kinabaki robo na mwendo unakuwa maradufu, kilomita 50 kwa saa. Kata tena, ubaki na mita 2.7: kilomita 100, na hapo hatujafikia vile vya katuni. Ukifika mita 1.3 hesabu inakupa kilomita 200 kwa saa. Mtu anayeanguka kifudifudi bila mwavuli wowote huenda hivyohivyo.

Ninaowarusha hapa Diani, pwani ya Kenya, nawaeleza kwa leso, yaani kanga. Mwavuli wetu wa watu wawili una mita za mraba 33 hivi, sawa na leso ishirini, yaani pea kumi zilizoshonwa pamoja. Wa katuni ni leso moja, tena iliyoliwa na panya.

Leonardo da Vinci, aliyechora wake katika miaka ya 1480, aliupa upana wa dhiraa 12 na kimo dhiraa 12, kama mita 7. Mfaransa Garnerin aliruka kutoka kwenye puto juu ya Paris mwaka 1797 na wa mita 7 hivi. Wachora katuni wamekuwa na karne tano za kuuliza.

"Lakini mdogo nimeuona kwa macho yangu!" Umeuona, na wa mrukaji wa peke yake hata hautimii mita moja. Huo kazi yake ni kuuvuta ule mkubwa utoke begini.

Mjuaji naye atanitajia mrukaji Ernesto Gainza, aliyetua Dubai mwaka 2014 kwa kitambaa cha mita za mraba 3.25. Kweli. Ila lile ni bawa, linakata hewa kwenda mbele kwa kasi ya kutisha, na aliyelishika ni bingwa. Hakuwa amening'inia akipunga mkono.

Mengine upesi. Mwavuli ukifunguka mtu harushwi juu. Kwenye filamu huonekana hivyo kwa kuwa mpiga picha aliyeruka naye anaendelea kuanguka. Mazungumzo wakati wa kuanguka, kabla mwavuli haujafunguka, hayapo, upepo unameza sauti, tunapeana ishara za mikono. Na mwavuli wa mvua? Umeshaona kusi inavyoupindua ukiwa umesimama tu barabarani.

Haya, inua mguu nikaze mkanda wa paja.