Mganga wa Kienyeji au wa Tiba Asili? Dhana Potofu Kuhusu Majina Katika Sheria

Katika soko moja mjini Tabora yupo mama anayeuza magome na mizizi, na kibao chake kimepakwa rangi mara mbili. Ukikikaribia unaona kwamba chini ya maneno "tiba asili" bado yanajitokeza maandishi ya zamani: "mganga wa kienyeji". Wengi wanaopita pale huamini kwamba kilichobadilika ni rangi tu.

Hiyo ndiyo dhana ya kwanza: kwamba jina halina uzito maadamu dawa ni ile ile. Kwa mgonjwa anayechemsha gome la mlungulungu, kauli hiyo ina ukweli wake. Kisheria sivyo, kwa sababu neno lililoandikwa ndilo linaloamua nani amtibu nani. Sheria ya madaktari tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza ilimruhusu mganga aendelee na mbinu za "wenyeji", lakini kwa sharti kwamba jamii yake imtambue kuwa amefunzwa kazi hiyo, na kwamba asitibu nje ya jamii hiyo. Nikilisoma sharti hilo nikiwa Tabora, naona wazi kwamba aliyeliandika hakuufikiria mji kama huu, ambako misafara ya Ujiji na ya pwani ilikutana katika karne ya 19, na ambako reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 imekuwa ikiwashusha watu wa kila kabila. Mama yule ni Mnyamwezi. Kwa sharti lile, angempa dawa Mnyamwezi mwenzake bila shaka yoyote, lakini akimpa Muha aliyeshuka asubuhi kutoka Kigoma angekuwa amevuka mpaka wa sheria, ingawa homa ni moja na gome ni moja. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, iliunda Baraza na utaratibu wa usajili, na anayesajiliwa hutambuliwa kwa kazi yake, si kwa kabila la wagonjwa wake.

Dhana ya pili, ambayo husemwa kwa nia njema, ni kwamba neno "kienyeji" ni tusi. Si tusi. Mwenyeji ni mwenye mji, na sokoni kuku wa kienyeji hununuliwa kwa bei ya juu kuliko wa kisasa. Ubaya ulikuwa katika matumizi ya serikali ya kikoloni, iliyolitumia neno hilo kumtenga Mwafrika katika mahakama zake, utawala wake na tiba yake. Kwa maoni yangu, mama anayejiita hivyo asisahihishwe na mtu. Kinachopaswa kusahihishwa ni maandishi ya dola.

Wengine hudhani kwamba jambo hili linatuhusu Waafrika peke yetu. Nchini Marekani, tarehe 20 Mei 2016, Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyotokana na muswada wa mbunge Grace Meng, ikiondoa neno "Oriental", jina la zamani la watu wenye asili ya Asia. Hapo pia imezuka dhana potofu kwamba neno hilo lilifutwa kila mahali, hata katika tiba ya Kichina ya mitishamba na ya kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa (akupancha). Ukweli ni kwamba sheria ile iligusa vifungu viwili tu vya miaka ya 1970, vinavyohusu nishati na miradi ya ujenzi wa umma, kwani leseni za tiba hutolewa na kila jimbo. Jimbo la Washington lilikwisha kuwaita watoa huduma hao wataalamu wa tiba ya Asia Mashariki tangu 2010, ilhali New Mexico iliendelea na cheo chenye neno la zamani hata baada ya 2016.

Hatimaye wapo wanaodhani kwamba kujiita "wa tiba asili" kunatosha kumpa mtu ruhusa. Hakutoshi. Bila usajili hakuna ruhusa, na anayepiga ramli chonganishi hawezi kujificha nyuma ya kibao kipya, kwa kuwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ni sheria nyingine kabisa.

Mama yule ameweka cheti chake ndani ya mfuko wa nailoni, akakitundika nyuma ya kibao kisilowe mvua. Wateja wake humwita mganga, basi, neno lile lile ambalo serikali humwitia daktari wake, Mganga Mkuu wa Wilaya.