Kiti cha nyuma cha dabo kebini: acha magoti kwanza, angalia mapaja na mgongo

Kazi yangu ni viti vya gari, kushona kava, kubadilisha sponji, kuchomelea fremu zimevunjika, na kama kuna gari inaletwa huku Industrial Area, Nairobi, na lalamiko moja lile lile kila saa ni dabo kebini, zile pikapu za milango minne. Hilux, D-Max, Navara, Ranger, haijalishi. Mwenye gari anafika anasema "fundi niwekee sponji nene huko nyuma, mzee wangu tukimpeleka Narok anashuka ameshika kiuno." Na kabla hata nifungue mlango ashaniambia shida ni nini, ati nafasi ya magoti ni ndogo. Mimi magoti huwa naangalia mwisho, na leo nataka niwaeleze kwa nini, ju watu wanatumia pesa nyingi kurekebisha kitu hakijaharibika.

Tuanze na hiyo nafasi ya miguu basi. Ile namba iko kwa brosha inapimwa kwa sanamu maalum, kutoka kwa nyonga mpaka kwa kifundo cha mguu, na mguu wenyewe unasukumwa mbele chini ya kiti cha dereva mpaka pale utakwama. Sawa. Sasa hiyo namba haikwambii kama sakafu iko juu ama chini, na haikwambii mgongo wa kiti umesimama aje. Ford Maverick, ile pikapu ndogo ilitoka Marekani 2021, ya petroli tupu imeandikwa inchi 36.9, hiyo ni karibu sentimita 94, na mtu akisoma hivo anadhani ashajua vile mamake atakaa huko nyuma. Hajajua bado. Gari mbili zinaweza kuwa na namba moja na mtu akatoka kwa moja akiwa poa na kwa ingine akiwa amekunjika.

Sakafu ndio mwanzo wa maneno yote. Dabo kebini zetu nyingi zimejengwa juu ya chasi, yale mavyuma mawili marefu yanapita chini kutoka mbele hadi nyuma, alafu kebini inakuja kuwekwa juu yake na maboliti. Kwa hivyo sakafu inapanda. Paa nalo haliwezi kupandishwa tu vile mtu anataka, na ukishabanwa chini na juu kitu kinabaki cha kupunguza ni ule urefu wa kutoka sakafu mpaka kiti. Kiti cha mezani kwako nyumbani kina kama sentimita 45. Huku nyuma nikiweka tepu kutoka kwa kapeti mpaka ukingo wa mbele wa kiti mara nyingi naangukia kati ya 30 na 35.

Hizo sentimita chache ndio zinamaliza watu. Mtu mzima akikaa chini hivo magoti yanapanda juu ya nyonga, mapaja yanaachana na kiti, na uzito wote unashukia ile mifupa miwili ya makalio. Mwanzoni husikii kitu. Mkifika Mai Mahiu, njiani kwenda Narok, umeanza kuhamisha uzito, kidogo kushoto kidogo kulia, na mwenye anaendesha anadhani umechoka tu. Watoto nao hawasikii hii shida kabisa kwa sababu miguu yao ni mifupi, mapaja yanalala vizuri kwa kiti, ndio maana familia inaweza kaa na gari miaka bila mtu kulalamika mpaka siku shosho ama guka (bibi ama babu) anapanda.

Kupima ni rahisi na haihitaji fundi. Kaa nyuma kabisa, mgongo umeegemea, visigino chini, alafu ingiza kiganja chini ya paja karibu na goti. Kikipita bila kuguswa na kitu, hapo hakuna kiti, kuna hewa. Kikibanwa kidogo, uko sawa. Fanya hivo na viatu vyenye huwa unavaa, ju kisigino cha kiatu kinapandisha goti pia.

Sasa mgongo wa kiti. Nyuma ya kiti cha nyuma kwa pikapu kuna ukuta wa kebini, na nyuma ya ukuta kuna bodi ya mizigo, na kila sentimita unapea abiria unaitoa kwa mzigo. Katikati ya kiti na huo ukuta bado wanafinya jeki na vifaa. Kwa hivyo mgongo unasimamishwa wima. Mitsubishi waliliona hili mapema, L200 ya 2005 ikaja na kebini imepinda nyuma kama herufi J, ile mkunjo wengi walisema ni urembo, lakini kazi yake ilikuwa kupata nafasi ya kulaza kiti cha nyuma, na ile ya 2015 walitangaza digrii 25 kutoka wima, hiyo ni kama kiti cha salun. Ukiona L200 inasifiwa kwa abiria wa nyuma ujue sababu ni huo mpindo wa bati.

Na hizi digrii sio za starehe tu. Miaka ya 1970 kule Gothenburg, Uswidi, watafiti kina Andersson na Nachemson walipima presha ndani ya diski za uti wa mgongo wa watu wakiwa wamekaa, wakaona kiti kikilazwa nyuma presha inashuka, na ukiweka kitu cha kushikilia kiuno inashuka zaidi. Mzee mwenye mgongo mbovu hajui habari ya diski lakini mwili wake unajua kila digrii yenye imekosekana. Ukitaka kujua gari yako iko wapi chukua simu, fungua ile programu ya kupimia usawa, simamisha simu kwa kiti pale katikati ya mgongo na usome, gari ikiwa mahali sawa. Ikiwa chini ya 20 kutoka wima jua safari ndefu itakuwa kazi.

Basi tunafanya nini. Wengi wanataka ile ya kwanza, sponji nene laini, na mimi huwa nakataa. Juzi mama mmoja aliniletea D-Max ya bwanake, alikuwa ashapitia kwa mtu mwingine akawekewa sponji laini kila mahali, imefura vizuri kwa macho. Nikamuomba akae. Akazama. "Mama, magoti yako iko wapi saa hii?" Akaangalia, akasema "iko karibu na kidevu fundi." Sponji laini ilikuwa imemezwa na uzito wake, amerudi pale pale chini, na kichwa cha bwanake akipanda bado kinagusa paa kabla kiti kishuke.

Tulitoa kava. Kava ya kiti imeshikwa na ringi ndogo za waya kwa chini na kwa ile mifereji ya mishono, unazikata moja moja na koleo, usivute kwa nguvu ju utararua kitambaa. Chini yake unapata sponji ya kiwandani, hiyo imemwagwa kwa moldi, na ukiibonyeza na vidole unasikia kabisa mahali imekufa, huwa ni mbili, pale mifupa ya makalio inakaa, pamekuwa laini na pamebadilika rangi, na ule ukingo wa mbele bado uko mpya ju mapaja hayajawahi kuufikia. Hapo gari inakwambia yenyewe vile watu wamekuwa wakikaa. Hatukutupa hiyo sponji. Tulikata zile sehemu zimekufa tukajaza haidensiti, ile sponji ngumu nzito, alafu mbele tukabandika kipande cha haidensiti kimekatwa kama kabari, nene upande wa magoti na kinaisha na kuwa bapa kabla ya kufika makalio. Ukimaliza kubandika unapitisha grainda yenye msasa mpaka usisikie mahali kipande kinaanzia. Ni kazi ya vumbi, vaa barakoa. Kimo cha makalio tulikipandisha kidogo sana, cha mapaja zaidi, na kichwa kikabaki na nafasi.

Mgongoni ndio penye watu hufanya makosa ya hatari. Nimeona kiti kimekatwa ile lachi ya juu na kuchomelewa chuma kirefu ndio kilale nyuma. Tafadhali msifanye hivo. Hiyo lachi ndio inashika kiti gari ikigonga, na kwa gari zingine mshipi wa katikati umefungwa kwa kiti chenyewe. Mimi napunguza sponji ya juu, pale mabega yanagusa, naiongeza chini pale kiuno kinaingia ndani. Fremu haijaguswa, lakini mgongo wa mtu unalala digrii kadhaa kuliko mwanzo, na kiuno kimepata mtu wa kukishika. Kuna mipaka, sponji ya juu ikiisha utasikia fremu. Na ukimaliza hakikisha kizuizi cha kichwa bado kinafika nyuma ya kichwa na sio shingoni, ju umempandisha mtu. Mshipi nao uendelee kupita begani na kwa nyonga, usipande tumboni.

Lakini kiti peke yake hakiwezi kushinda springi. Pikapu imetengenezwa kubeba karibu tani moja, na zile springi za bapa za nyuma zinangoja huo mzigo. Ukiendesha tupu kwa barabara ya vumbi hazilali, zinaruka. Mwili wa mtu akiwa amekaa unachukia mtikiso wa juu na chini wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde kuliko mwingine wote, iko hata kwa ISO 2631, viwango vya kimataifa vya mtikiso, na kiti cha sponji na mtu juu yake vinacheza pamoja karibu na hiyo 4, kwa hivyo hapo sponji inaongeza mtikiso badala ya kuupunguza. Hii watu hawapendi kuiskia ju wanataka kununua sponji ndio imalize kila kitu.

Anza na presha ya tairi, ni bure. Fungua mlango wa dereva, angalia kibandiko, gari nyingi zitakuonyesha presha mbili, ya gari tupu na ya gari imebeba. Pikapu nyingi nazoletewa zimejazwa ile ya mzigo ama kupita hapo, ju kijana wa petroli steshoni ameona ni pikapu akajaza tu. Rudisha kwa ya gari tupu kama uko tupu. Alafu shokomzoba. Zikichoka abiria wa nyuma ndio wanajua wa kwanza. Wengine hubeba magunia mawili ya mchanga, na inasaidia kweli, bora yakae mbele ya ekseli ya nyuma, yafungwe na kamba, na presha ya tairi ihesabu huo uzito. Kupunguza jani moja la springi pia kunafanywa, na gari italainika, lakini usije tena ukapakia simiti kama zamani.

Nissan waliweka springi za koili na mikono mitano ya kushika ekseli kwa Navara ya dabo kebini, ile ilianza kutoka 2014, ingawa kuna masoko inauzwa na springi za bapa, kwa hivyo chungulia chini kabla uamini muuzaji. Hizo pikapu ndogo za Marekani, Maverick na Hyundai Santa Cruz, zimeenda mbali zaidi, hazina chasi ya peke yake, zimejengwa kama gari ndogo na bodi ni moja, ndio sakafu inaweza kushuka na mtu akakaa vizuri kwa gari fupi. Ningependa sana kufungua kiti cha moja. Ila zinatengenezwa usukani kushoto tu na sisi sheria inataka kulia, basi.

Kuna mengine ya haraka. Pandisha kiti cha mbele kama kina hiyo lever, hata kidogo tu, vidole vya mwenye yuko nyuma vipate pa kuingia, na mguu ukinyooka paja linashuka lenyewe kwa kiti. Hii ni dawa ya bure na karibu hakuna mtu hufanya. Mtu mzima wa tatu katikati ana kile kinundu cha sakafu kati ya miguu na sponji nyembamba chini yake, ukitoka mjini mpe hapo mwenye mwili mdogo na msimame njiani. Zile Space Cab na wenzake zenye viti vidogo vya kukunjwa nyuma, hapo weka mizigo.

Na kama bado hujanunua, ukienda zile yadi za Ngong Road nenda na mwenye atakaa nyuma, mzee mwenyewe, sio wewe ukae kwa niaba yake. Weka kiti cha dereva vile wewe huendesha kwanza. Acha apande bila kusaidiwa uone mguu wake unapita aje kwa ule mlango, ju kwa dabo kebini mlango wa nyuma ni mwembamba chini na mtu anazungusha kifundo, na uangalie kama kuna kishikio kwa nguzo ama hakuna, hicho kinafungwa baadaye kwa bei ya chini. Akishakaa usimuulize kama ni poa, ju atakwambia ni poa. Mwache hapo mkiongea bei, alafu uangalie kama ameanza kuhamisha makalio.