Macho ya Manjano, Malaria Hakuna: Tuangalie Utando wa Chembe Nyekundu

Msichana wa miaka 9 aliletwa na bibi yake. Macho ya manjano, viganja vimepauka, wengu unapapasika chini ya mbavu za kushoto. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ametibiwa malaria mara nne, mara tatu kati ya hizo kipimo kikiwa hakijaona kimelea, na dawa ya madini ya chuma alikuwa amekunywa chupa kwa chupa. "Mjukuu wangu damu haikai," bibi alisema. Maneno hayo manne yalikuwa na ukweli kuliko karatasi zote alizobeba.

Damu yake ilitengenezwa vizuri, tena kwa kasi. Haikukaa kwa sababu ya utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka kila chembe nyekundu.

Chembe nyekundu ina upana wa maikromita 7 hadi 8. Zinatakiwa zaidi ya mia moja, zikipangwa mstari mmoja, kufikia milimita. Huishi siku 120 hivi, na kila dakika huzunguka mwili karibu mara moja. Njiani hupita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, na ndani ya wengu hupenya nyufa za maikromita 1 hivi. Hupita kwa kujikunja. Gunia lililojaa pomoni halipiti dirishani, lakini la nusu utalikunja, utalisukuma, litapita. Chembe yenye afya ni gunia la nusu: utando wake umezidi kwa karibu asilimia 40 ule ambao ungetosha kufunika vilivyomo.

Utando wenyewe ni tabaka mbili za mafuta, laini mno. Kinachoushikilia ni wavu uliotandazwa chini yake, uliofumwa kwa nyuzi za protini iitwayo spektrini. Ankirini ndiyo fundo linaloufunga wavu huo kwenye bendi 3, protini ambayo kila chembe inazo kama milioni moja. Bendi 3 ina kazi nyingine kubwa: ni mlango wa kubadilishana bikaboneti na kloridi, na kwa mlango huo damu huweza kubeba kabonidayoksaidi nyingi kuipeleka mapafuni. Kwa kuwa chembe iliyokomaa haina kiini, haiwezi kufuma wavu mpya.

Fundo likiwa dhaifu, mafuta hayana pa kushikia. Utando humeguka kidogo kidogo, gunia linapungua kuliko vilivyomo, mpaka chembe inakuwa duara kama gololi. Gololi haikunjiki. Inakwama wenguni na kuharibiwa humo. Huu ndio ugonjwa wa kurithi wa chembe duara, sferositosisi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini humpata mtu 1 kati ya 2,000 hivi, na mara nyingi inatosha mzazi mmoja kuwa nao. Himoglobini, protini nyekundu ya chembe zilizovunjika, hugeuka bilirubini, rangi ya manjano. Macho yanakuwa ya manjano, na vijiwe hujijenga kwenye mfuko wa nyongo mtu akiwa bado kijana.

Chini ya darubini, chembe ya kawaida ina weupe katikati, kama theluthi ya upana wake. Nyingi za binti yule hazikuwa nao: ndogo, zimekolea wekundu mpaka ukingoni. Kipimo cha Coombs kilikuwa hasi, kwa hiyo si kinga yake iliyokuwa ikizishambulia. Tukapanga mirija ya maji ya chumvi, kuanzia asilimia 0.9 tukishuka. Chumvi ikipungua, chembe hufyonza maji na kuvimba. Yenye utando wa ziada hustahimili mpaka karibu na asilimia 0.5. Za kwake zilipasuka mapema. Mrija ambao ungekuwa na maji meupe juu na chembe zimetuama chini ulikuwa mwekundu wote, kama juisi ya rozela.

Si kila tofauti ya utando ni hasara. Kilifi, pwani ya Kenya, wapo watu wenye kundi la damu la Dantu, lililotokana na jeni mbili za glaikoforini, protini za utando, kuungana. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba nakala moja ya Dantu hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome pale Kilifi, walieleza sababu: utando huo umekaza zaidi. Kimelea kinafika, kinaugusa, kinashindwa kupenya. Nafurahi kila ninapolieleza hili, kwa kuwa jibu limepatikana kwenye damu yetu wenyewe.

Kwa binti yule, chuma hakingerekebisha utando. Alianzishiwa asidi ya foliki, kwa kuwa uboho wake, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, unafanya kazi ya ziada. Familia iliambiwa: akipauka ghafla, msingoje kesho, maana kirusi cha parvo B19 huweza kuusimamisha uboho kwa siku kadhaa. Kuondoa wengu huinua damu kwa wagonjwa wengi, lakini nasihi subira. Wengu hutulinda dhidi ya bakteria wa nimonia na husaidia kupambana na malaria. Kwa kawaida husubiriwa mtoto apite miaka 6, achanjwe kwanza, na baada ya upasuaji kila homa ni ya kukimbizwa hospitali.

Tulimwita baba naye apimwe. Akiwa na miaka 24 alifanyiwa upasuaji wa vijiwe vya nyongo, akaambiwa tatizo ni vyakula vya mafuta. Damu yake haikuwahi kuwekwa chini ya darubini. Tulipoiweka, chembe duara zilikuwa zimejaa.