Kuni, shayiri na mpunga: uyakinifu wa kidialektiki ulikotoka

Kila muhula nikisahihisha karatasi za falsafa nakutana na jibu lilelile. Swali limeuliza uyakinifu wa kidialektiki (dialectical materialism), ile falsafa iliyotokana na fikra za Mjerumani Karl Marx, ni nini, na mwanafunzi ameandika kwamba una sheria tatu. Ya kwanza, wingi ukizidi hugeuka kuwa hali mpya, kama maji yanavyogeuka mvuke yakifika nyuzi 100. Ya pili, umoja wa vitu vinavyopingana. Ya tatu, ukanusho wa ukanusho. Hapo anaweka nukta. Nampa alama zake, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa sekondari na ndivyo vitabu vingi vinavyosema. Lakini naumia, maana hakuna aliyewahi kwenda jela wala kuingia msituni na bunduki kwa ajili ya maji ya kuchemka. Fikra hii ilianzia kwenye jambo la karibu zaidi na maisha ya watu. Ilianzia kwenye kuni.

Mwaka 1842 Karl Marx alikuwa kijana wa miaka 24. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata shahada ya udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Jena, kwa tasnifu iliyowalinganisha Democritus na Epicurus, Wayunani wawili walioshikilia kwamba ulimwengu wote umeundwa kwa atomu zinazotembea katika utupu. Milango ya kufundisha chuo kikuu ilikuwa imefungwa kwa vijana wenye fikra kali kama zake, kwa hiyo akaingia kwenye uandishi wa gazeti mjini Cologne. Huko mezani kwake ukafika mjadala wa baraza la jimbo la Rhineland juu ya wizi wa kuni.

Tangu zama na zama wanavijiji maskini wa huko walikuwa wakiingia misituni kuokota matawi makavu yaliyoanguka yenyewe. Wenye misitu sasa walitaka uokotaji huo uhesabiwe wizi, sawasawa na kukata mti mbichi. Msomaji aliyekua akimfuata bibi yake porini na kamba ya kufungia mzigo hahitaji kuelezwa uzito wa sheria ya namna hiyo. Ukuni ni uleule, umelala palepale chini ya mti uleule. Jana kuuokota ilikuwa haki ya maskini, leo ni kosa la kupelekwa mahakamani. Ukiuchunguza ukuni wenyewe hutaona kilichobadilika. Kilichobadilika ni uhusiano baina ya watu: nani mwenye msitu, mti una bei gani, na nani ana sauti barazani.

Marx alikuwa amefundishwa, kama vijana wote wa Ujerumani waliosoma falsafa wakati ule, kwamba dola ni akili ya jamii nzima inayojionyesha katika sheria. Sasa aliisikiliza dola ikisema kwa mdomo wa mwenye msitu. Mwaka 1859, akisimulia safari ya fikra zake, aliutaja mjadala huo wa kuni kuwa miongoni mwa mambo yaliyomweka pagumu kwa mara ya kwanza na kumsukuma kuchunguza uchumi. Mimi huwa nawaambia wanafunzi kwamba uyakinifu wa Marx uko pale wote kwa udogo wake. Usianze na wazo zuri lililoandikwa juu ya karatasi. Anza na mzigo wa kuni, uulize ni wa nani na tangu lini.

Sehemu ya pili ya jina, dialektiki, ilitoka kwa Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyefariki Berlin mwaka 1831. Naomba kusahihisha jambo moja hapa, kwa sababu linarudiwa mno: ile kanuni ya dai, pingamizi na mwafaka siyo namna Hegel alivyofundisha. Walimbandika wafafanuzi wake. Alichosisitiza yeye ni kwamba huwezi kukielewa kitu ukikigandisha, kwa kuwa kila kitu kinabeba ndani yake kile kitakachokivuka. Mwendo hautoki nje, unatoka ndani. Ila kwa Hegel kinachotembea hatimaye ni Roho, na historia ya wanadamu ni Roho hiyo inayojitambua hatua kwa hatua. Mwaka 1841 mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani, Ludwig Feuerbach, akaja na hoja ya kinyume: mwanadamu ndiye aliyemuumba Mungu kwa mfano wake, basi turudi kwa mwanadamu mwenye mwili na njaa.

Marx aliwashukuru wote wawili na hakuridhika na yeyote. Akiwa Brussels mwaka 1845 aliandika vidokezo 11 vifupi juu ya Feuerbach, vya kujikumbusha tu, bila nia ya kuvichapisha. Lawama yake kubwa ilikuwa kwamba uyakinifu wote uliomtangulia uliitazama dunia kama kitu cha kutazamwa, badala ya kitu ambacho mikono ya watu inakifanyia kazi na kukibadilisha. Cha mwisho ndicho maarufu: wanafalsafa wameielezea dunia kwa namna mbalimbali tu, lakini la maana ni kuibadilisha. Na mwaka 1873, katika toleo la pili la kitabu chake kikubwa juu ya mtaji, alisema dialektiki ya Hegel imesimama kichwa chini na inabidi ipinduliwe, ili kiini chenye akili kipatikane ndani ya ganda.

Cha kushangaza ni kwamba jina lenyewe hakulitumia kamwe. Alifariki Machi 1883. Miaka minne baadaye Joseph Dietzgen, mtengeneza ngozi aliyejisomea falsafa mwenyewe, ndiye aliyeandika maneno "uyakinifu wa kidialektiki", na mwaka 1891 Georgi Plekhanov akayaeneza kwa Warusi. Neno letu la Kiswahili nalo lina hadithi yake. Uyakinifu umetokana na yakini, jambo lisilo na shaka. Aliyelichagua alitaka kusema falsafa inayoshika kilicho dhahiri, na sina ugomvi naye. Lakini nikitazama yaliyoipata falsafa hii katika karne ya 20, naona neno hilo linaonyesha pale ilipojikwaa: maswali yaligeuzwa kuwa yakini.

Tuifuate punje moja ya shayiri tuone ilivyokuwa.

Friedrich Engels, rafiki wa Marx, ndiye aliyezikusanya zile sheria tatu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1878 kumjibu mwalimu mmoja wa Berlin aliyeitwa Dühring, alieleza ukanusho wa ukanusho kwa mfano wa shayiri. Punje ikianguka kwenye udongo wenye joto na unyevu, inaota. Punje kama punje imekwisha, imekanushwa na mmea. Mmea unakua, unachanua, unazaa na kunyauka, na badala ya punje moja unapata 10, au 20, au 30. Mfano huu umenakiliwa kote duniani. Kinachoachwa ni maonyo mawili aliyoyaweka Engels kurasa zilezile. La kwanza, ukiisaga punje umeikanusha kweli, lakini umeiua njia yake ya kuendelea. Kila kitu kina namna yake ya kukanushwa ili kizae. La pili ni zito zaidi. Alisema kwamba ukisema tu "huu ni ukanusho wa ukanusho" hujaeleza lolote juu ya jinsi shayiri inavyokua. Hilo lazima ulichunguze kwenye shayiri yenyewe.

Miaka 60 baadaye maonyo hayo yalikuwa yamesahauliwa. Mwaka 1938 Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, alitoa maelezo mafupi ya falsafa hii ndani ya kitabu cha historia ya chama cha kikomunisti, yakawa ndiyo kipimo mashuleni, vyuoni na maabarani. Alizipanga sifa za dialektiki kwa namba, zikawa nne, na ukanusho wa ukanusho hata hakuutaja. Falsafa iliyodai kwamba hakuna kisichobadilika ikawa na maandiko yasiyoguswa.

Wakati huohuo mtaalamu wa kilimo Trofim Lysenko alikuwa akipanda ngazi. Alidai kwamba sifa ambazo mmea unazipata kutokana na mazingira hurithiwa na mbegu zake, hata ngano yaweza kuzaa nafaka nyingine kabisa, ile iitwayo rai. Na waliompinga kwa hoja za jenetiki, yaani sayansi ya urithi wa sifa, waliambiwa wanaleta fikra za kibepari zilizo kinyume cha dialektiki. Aliyeumia kuliko wote ni Nikolai Vavilov. Huyu, mtaalamu wa mimea aliyeongoza taasisi ya utafiti wa mimea mjini Leningrad, alizunguka mabara kukusanya mbegu, na mwaka 1927 alifika Ethiopia, akakuta huko ngano na shayiri za aina nyingi ajabu mikononi mwa wakulima wa kawaida. Alikamatwa Agosti 1940 akiwa safarini kukusanya mimea, na Januari 1943 alifia gerezani Saratov. Leningrad ikiwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani, baadhi ya wafanyakazi wa taasisi yake walikufa kwa njaa huku wakiyalinda magunia ya mbegu wasiyale. Kisha Agosti 1948, katika mkutano wa chuo cha sayansi za kilimo, Lysenko alitangaza kwamba ripoti yake imeidhinishwa na Kamati Kuu ya chama, na jenetiki ikapigwa marufuku kwa miaka mingi.

Sitaki kusema falsafa peke yake ndiyo iliyomuua Vavilov. Palikuwa na njaa, woga na utawala wa mtu mmoja. Lakini falsafa ndiyo iliyotoa lugha ya mashtaka, na mimi ninayeifundisha siwezi kulipita jambo hilo haraka. Badala ya kwenda shambani kuiuliza shayiri, walikwenda kwenye kitabu kuuliza shayiri inatakiwa ifanye nini.

Kwetu Afrika Mashariki fikra hizi zilipiga hodi kwa nguvu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, alikuwa amekataa wazi ujamaa unaojengwa juu ya mgongano wa lazima kati ya mtu na mtu; kwake mzizi ulikuwa familia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 wanafunzi waliokuwa wakijisomesha Umaksi siku za Jumapili, wakiwa karibu na mwalimu wao Walter Rodney, waliuliza swali chungu: viwanda na mabenki yametaifishwa, je, nani sasa anayashika, na anafaidika nani? Jarida lao waliliita Cheche, kwa kukumbuka gazeti la Lenin lenye maana hiyohiyo. Mwaka 1970 Issa Shivji aliandika humo juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya, na Novemba mwaka huohuo jarida likafungwa. Lile lilikuwa swali la kuni kabisa, limevaa kanga ya hapa.

Hata hivyo mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii ni Amílcar Cabral, kiongozi wa vita vya ukombozi wa Guinea-Bissau na Cape Verde. Januari 1966, mjini Havana, mbele ya wanamapinduzi wa mabara matatu, alihoji jambo ambalo wengi waliliona limekwisha kuthibitishwa: je, historia inaanza pale tu matabaka yanapotokea? Tukikubali, alisema, tutakuwa tumeziweka nje ya historia jamii nyingi za Afrika zilizoishi bila matabaka. Jibu lake lilikuwa hapana. Akaweka mbele nguvu za uzalishaji mali, yaani kile watu wanachoweza kukitoa duniani kwa mikono, zana na maarifa yao.

Cabral alikuwa bwana shamba kwa taaluma. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Wareno ilimpa kazi ya kuhesabu kilimo cha Guinea yao, ambayo leo ni Guinea-Bissau, na akazunguka nchi kijiji kwa kijiji. Kwa Wafulani alikuta wakuu na watu wa chini yao. Kwa Wabalanta alikuta jamii isiyo na mkuu, yenye baraza la wazee. Ardhi ni ya kijiji, kila familia inapata ya kuitosha, na jembe ni mali ya anayelilimia. Wabalanta ni wakulima wa mpunga. Hujenga matuta ya udongo kuyazuia maji ya chumvi ya bahari, kisha hupanda nyuma yake kwenye maji ya mvua. Yeye na wenzake walisimama kwenye mashamba ya namna hiyo wakipima hekta, wakiandika mazao, wakiuliza shamba ni la nani.